Nusu ya Tezi, Wasiwasi Mzima?

Mwenye saratani ya thairoidi, tezi iliyoko shingoni, huambiwa mapema kwamba kapata "saratani nzuri". Kweli aina ya papilari, iliyo ya kawaida zaidi, hutibika vizuri, lakini maneno hayo humfunga mdomo. Akisema hana usingizi wala raha, aonekana hana shukrani.

Tangu 2015, mwongozo wa wataalamu wa Marekani umeruhusu kukata upande mmoja tu wa tezi, ikiwa uvimbe hauzidi sentimita 4 na haujatoka nje ya tezi. Kimwili, nafuu ipo. Tezi ndogo zinazosimamia kalsiamu hubakia upande wa pili, kwa hivyo ganzi ya midomo na vidole, inayowasumbua baadhi ya waliokatwa nzima, huwa nadra. Neva ya sauti ya upande huo nayo haiguswi.

Upasuaji wa kupitia mdomoni, unaofanywa ili shingo isibaki na kovu, ni habari nyingine. Matundu 3 hutobolewa ndani ya mdomo wa chini, kisha daktari huchimba njia chini ya ngozi ya kidevu mpaka shingoni, na kidevu chaweza kukaa na ganzi kwa wiki kadhaa. Huo ni upasuaji usioonekana, si upasuaji mdogo. Mwanamke wa Mombasa ambaye mtandio humfunika shingo kila atokapo huenda asione haja ya kuyavumilia hayo. Mwengine kovu litamkera hata akiwa peke yake mbele ya kioo. Aulizwe, asikisiwe.

Gharama ya nusu iliyobaki iko moyoni. Aliyekatwa nzima, kipimo cha damu cha thairoglobulini, protini inayotengenezwa na tezi hiyo, kikishuka karibu na sufuri, hupumua. Kwa mwenye nusu hakimtulizi hivyo, maana tezi iliyobaki bado yaitengeneza. Hutegemea ultrasaundi ya shingo, na siku za kuisubiri huwa ndefu. Kinundu kidogo kikionekana, hata kisicho na maana, hofu huanza upya.

Ila si kila huzuni ni hofu. Anayejifunika shuka Mombasa ya Februari, huku wenzake wakijipepea, apimwe TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha kama homoni ya thairoidi imepungua au imezidi, kabla ya kupewa nasaha. Kipimo hicho hufanywa wiki 6 hadi 8 baada ya upasuaji. Dozi ya levothairoksini, kidonge cha homoni hiyo, ikizidi nayo huleta mapigo ya moyo ya kasi na kukosa usingizi, vitu vinavyofanana kabisa na wasiwasi. Levothairoksini humezwa kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kahawa na mahamri, na vidonge vya kalsiamu au madini ya chuma vikae mbali nayo kwa saa 4. Mwezi wa Ramadhani, imezwe wakati wa kulala, saa 3 baada ya chakula cha mwisho, au nusu saa kabla ya daku. Isiwekwe jikoni wala ndani ya gari: joto na unyevu huiharibu.

Wapo wanaoshauri kukata nzima kwa mgonjwa anayeishi mbali, eti hatarudi kwa ultrasaundi. Hoja hiyo twaiona dhaifu. Asiye na tezi kabisa hutegemea kidonge maisha yake yote, na homoni hupungua damuni kwa nusu kila wiki moja hivi. Dawa ikikosekana dukani mwezi mzima, ataugua. Mwenye nusu ana akiba mwilini, na wengine hawahitaji kidonge kamwe. Ambaye tungemkubalia bila ubishi ni yule aliyeelezwa yote haya, akayaelewa, na bado akasema hataweza kulala akijua tezi ingalimo.