Hakuna Anayeshindwa Kijiweni Kwetu

Kanuni ya kijiwe chetu cha kahawa hapa Mwanga, mjini Kigoma, ni nyepesi: mmoja anauliza swali la historia ya dunia, na anayekosa jibu anawanunulia wenzake kahawa na kashata. Ilitungwa kwa nia njema, na ndiyo iliyotuharibia. Kwa kuwa anayekosa hulipa, imekuwa mwiko mtu kukosa, na mimi niliyepewa kazi ya kuuliza, kwa sababu tu nina mazoea ya kusoma vitabu vilivyochanika majalada, nimegeuka mtuhumiwa anayeitwa kila jioni kutoa maelezo juu ya wafalme waliokufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa.

Chukueni Vita vya Miaka Mia. Niliuliza kwa upole kabisa vita hivyo, walivyopigana Waingereza na Wafaransa, vilidumu miaka mingapi. Fundi cherehani, ambaye huketi ukingoni mwa benchi ili suruali yake isikunjamane, alijibu papo hapo kuwa ni mia. Nikamweleza kwamba vilianza mwaka 1337 na kumalizika mwaka 1453, yaani miaka 116, na katikati mlikuwa na vipindi virefu vya kusimamisha mapigano. Badala ya kuingiza mkono mfukoni, fundi alisimama.

"Kaka, mteja akiniagiza suruali ya kiuno cha inchi 36, nami nikamshonea ya 42, mwenye kosa ni nani?"

Nikasema ni fundi.

"Basi kamdai kahawa huyo aliyevipa vita jina."

Kijiwe kizima kilipiga makofi, na kahawa haikununuliwa. Niliporudi na Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi, nikaeleza kwamba kwa kalenda tunayoitumia sisi yalitokea tarehe 7 Novemba 1917, kwa sababu Warusi walikuwa bado na kalenda ya zamani iliyochelewa kwa siku 13, dereva wa bodaboda alitaka kujua mwenye nyumba wa kule alikuwa anadai kodi kwa kalenda ipi. Mjadala ukahamia kwenye kodi za nyumba, na Lenin, kiongozi wa mapinduzi hayo, hakutajwa tena jioni ile.

Kinyozi naye ana mtindo wake, ule wa kutoa ushahidi wa macho. Nilipouliza meli ya Titanic ilizama mwaka gani, alisema 1998. Nikamwambia ilizama tarehe 15 Aprili 1912 katika bahari ya Atlantiki, baada ya kugonga mwamba wa barafu. Alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama nilikuwepo. Nikakiri kwamba sikuwepo. "Mimi nilikuwepo," akasema, "kibanda cha video kilikuwa nyuma ya soko, na nililipia kiingilio." Wawili katika waliokuwapo walithibitisha kwamba nao walimwona akilipa, jambo ambalo sikulipinga wala halikuhusiana na swali.

Hao bado ni nafuu. Anayeninyima usingizi ni mzee wetu wa Ujiji, ambaye haulizwi swali akakosea, kwa maana yeye hulikosoa swali lenyewe. Nilidhani nimemwandalia zawadi nilipouliza: ni nani aliyempata Dakta Livingstone huko Ujiji mwaka 1871 baada ya kupotea? Jibu ni Stanley, mwandishi aliyetumwa na gazeti la New York Herald la Marekani, ingawa yeye mwenyewe alizaliwa Wales. Mzee alikiweka kikombe chini, akajifuta ndevu kwa kiganja.

"Mwanangu, nani kakwambia alipotea? Mtu alikuwa Ujiji. Anaumwa, anakula, watu wanamwamkia. Ujiji nzima ilijua alipo. Aliyekuwa hajui alipo ni huyo aliyekuja kuuliza."

Nilijaribu kueleza kwamba Ulaya na Marekani hazikuwa na habari zake kwa muda mrefu, hivyo zikamhesabu kuwa amepotea. Mzee akaniuliza kama na yeye, ambaye Marekani haina habari zake hadi leo, anahesabiwa amepotea. Sikuwa na la kusema, na kwa siri niliona ana hoja, lakini hoja si jibu na kikombe chake kilikuwa hakijalipiwa.

Nikaona nije karibu na nyumbani kabisa, nikachagua MV Liemba, chombo ambacho mtoto wa hapa hukijua kabla ya kujua kusoma. Matokeo yalikuwa mabaya kuliko yote. Kila mmoja alijua kwamba Wajerumani waliiunda huko Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia ndani ya masanduku kiasi cha 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, kisha ikaundwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Kila mmoja alijua kwamba mwaka 1916 Wajerumani hao hao waliizamisha kwa mikono yao, wakiwa wameipaka grisi mitambo isiharibike, na kwamba Waingereza waliiopoa mwaka 1924 ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Hakuna aliyekosa. Ugomvi ulizuka pale muuza dagaa aliposema babu yake alibeba masanduku yale. Fundi akasema wa kwake alibeba zaidi. Kinyozi akamleta babu mzaa mama, aliyebeba bomba la moshi peke yake. Kwa hesabu yangu, mababu wa kijiwe kile wangetosha kuileta meli kutoka Ujerumani mabegani, na reli ingebaki bila kazi.

Wakikwama hukata rufaa kwa mwalimu mstaafu, na hapo ndipo jioni hufia. Mwalimu ni mtu wa haki, lakini hawezi kuanza jambo katikati. Ukimuuliza Mkutano wa Berlin wa kuigawana Afrika ulianza mwaka gani, ambao ni 1884, ataanzia kwenye fuvu la Zinjanthropus lililofukuliwa Olduvai mwaka 1959, na wakati anakaribia chuma na moto, muadhini ameshaadhini Isha na wadaiwa wameshatawanyika.

Juzi nilijaribu swali jepesi, ili angalau nipate wa kumpongeza: Vita vya Kwanza vya Dunia vilikoma tarehe gani? Wote wakasema tarehe 11 Novemba 1918, nami nikaanza kutikisa kichwa kwa furaha. Mvuvi mmoja, ambaye huwa hasemi kitu isipokuwa bei ya migebuka, akasema kwa huku kwetu ni tarehe 25 Novemba, kwa sababu Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani Afrika Mashariki, alisalimisha silaha siku hiyo huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, nchini Zambia. Ni kweli tupu. Alilipata kwa wafanyabiashara wa Mpulungu. Basi waliotoa jibu la vitabuni wakadai wako sahihi, mvuvi akadai yuko sahihi, na wote walikuwa sahihi, na birika likaendelea kuzunguka kwa mkopo.

Ndipo nilipobuni utaratibu mpya. Majibu nitayaandika mapema, niyatie ndani ya bahasha, niifunge kwa gundi na kumkabidhi muuza kahawa, aifungue mbele ya wote baada ya kila mtu kutoa jibu lake. Fundi alipinga kwanza kwa hoja kwamba muuza kahawa anaweza kuhongwa abadilishe karatasi. Kinyozi akaunga mkono. Mzee wa Ujiji akataka bahasha ziwe mbili, moja ibaki Ujiji. Mwalimu mstaafu akakohoa, dalili kwamba anaelekea Olduvai.

Muuza kahawa aliweka birika juu ya jiko, akatoa daftari lake chini ya meza, akalamba kidole na kufunua kurasa moja baada ya nyingine.

"Waheshimiwa, nami nina swali moja la historia. Katika ninyi nyote, aliyelipa mara ya mwisho ni nani, na ilikuwa mwaka gani?"

Fundi alisema hajui. Kinyozi hakumbuki. Dereva wa bodaboda alipata abiria ghafla.