Magarini ilingoja, Brooklyn Park ikapiga kura ndani ya siku 94

Mamangu anaishi Mambrui, pwani ya Kenya. Kila Jumapili nikimpigia simu, baada ya shikamoo na salamu za wajukuu, hunipa habari za mvua na bei ya samaki, kisha huniuliza kama baridi imeanza. Mwaka 2025 hayo yote yaliwekwa kando. Kwa miezi mitatu mimi na yeye hali zetu zilikuwa moja: hakuna aliyekuwa na mwakilishi. Huku Brooklyn Park, Minnesota, kiti chetu cha 34B katika Baraza la Wawakilishi la jimbo kilikuwa wazi. Kule Kilifi, kiti cha ubunge cha Magarini kilikuwa wazi pia. Changu kilijazwa kwa siku 94. Chake kilikuwa wazi tangu 2024, kikaja kujazwa tarehe 27 Novemba 2025.

Kwetu sababu ilikuwa msiba. Alfajiri ya tarehe 14 Juni 2025, mtu aliyevaa kama polisi alimuua Melissa Hortman, mwakilishi wetu na Spika wa zamani wa Baraza, pamoja na mumewe Mark, nyumbani kwao hapa hapa mjini. Kabla ya hapo alikuwa amempiga risasi seneta wa jimbo John Hoffman na mkewe kule Champlin. Wao Mungu aliwanusuru. Asubuhi ile simu zetu zililia zote kwa mkupuo: tusitoke nje, tusimfungulie mlango askari aliyekuja peke yake. Niliwakalisha watoto chini ya dirisha la jikoni nikavuta mapazia. Kwa hiyo anayesoma haya akiwa nyumbani asidhani nakaa peponi. Siasa ya huku inaua, na sisi tuliokua tukisimuliwa ghasia za uchaguzi wa Kenya za 2007 na 2008 tunaijua harufu hiyo.

Ila damu haijakauka vizuri, kazi ya uchaguzi ikaanza. Gavana akatangaza tarehe. Agosti 12 vyama vikapiga kura za mchujo, Septemba 16 tukachagua, na Xp Lee wa chama cha DFL, ndicho Democrat cha jimbo hili, akapata kiti. Nilikaa nikijiuliza imewezekanaje haraka namna hiyo, nikaona jibu ni rahisi kuliko nilivyotarajia: hapakuwa na mtu wa kusubiriwa aapishwe kwanza. Serikali kuu ya Washington haina tume inayosimamia uchaguzi wa bunge la jimbo. Hiyo ni kazi ya jimbo lenyewe. Sajili ya wapiga kura na kanuni ziko kwa Katibu wa Jimbo. Karatasi za kura na mashine ni kazi ya kaunti, nazo ziko 87. Vituo hufunguliwa na mji au kijiji. Ofisi moja ikiyumba, nyingine zimesimama.

Nyumbani mambo yote tumeyatundika kwenye msumari mmoja. Rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, mpaka mwakilishi wa wadi, wote wanapita mkononi mwa IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya. Januari 2023 mwenyekiti na makamishna wawili walimaliza muda wao. Makamishna wengine wanne, walioyakataa matokeo ya urais ya Agosti 2022 hadharani, nao wakaondoka kwa njia zao. Tume ikabaki na ofisi, magari na makarani, ila makamishna hakuna, na bila makamishna uchaguzi mdogo hauitishwi. Wanasiasa wakavutana, kesi zikapelekwa mahakamani, na makamishna wapya wakaja kuapishwa Julai 2025. Ndani ya muda huo Magarini, ambako mahakama ilikuwa imefuta matokeo ya ubunge, watu waliambiwa wangoje. Banissa, eneo bunge jingine, wakangoja tangu mbunge wao alipofariki 2023. Wadi nazo zikangoja. Mamangu ana swali lake la kila mara: "Mwanangu, hata karani wa kutuhesabia sisi wa Magarini tu hapatikani?" Sijawahi kuwa na jibu la kumridhisha.

Mimi mwenyewe nilifanya kazi kituoni siku ile ya Septemba. Huku tunaitwa majaji wa uchaguzi, ingawa hatuna uhusiano na mahakama. Ni wakazi wa kawaida walioomba kazi kwa mji, wakafunzwa saa chache, wakala kiapo. Na hapa ndipo kwenye jambo nililotaka hasa kulisema. Nilipojaza fomu ya maombi, niliulizwa chama changu. Nilishtuka. Kwetu karani wa uchaguzi akijulikana chama chake, amekwisha. Tunamtaka asiye na chama, yeye anaapa kwamba hana, na hakuna mtu hata mmoja anayemwamini. Huku sheria inasema katika kila kituo majaji wa chama kimoja kikuu wasizidi nusu. Hawahangaiki kumtafuta malaika. Wanawatafuta wawili wanaopingana, wanawaweka meza moja.

Mwenzangu alikuwa mzee wa chama cha Republican, mwalimu mstaafu, mkimya, anayekunywa kahawa kwenye chupa ya chuma. Mchana tuliitwa nje. Bibi mmoja mgonjwa wa miguu alikuwa kwenye gari la binti yake, hawezi kuingia. Kanuni ni kwamba karatasi ya kura haiendi garini na jaji mmoja. Wanaenda wawili, wa vyama tofauti. Tukatoka, mimi na kalamu na ubao wa kuandikia, yeye na karatasi ndani ya bahasha. Upepo ulikuwa unaipeperusha, akaishika kwa viganja vyote viwili kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa chai. Bibi akajaza kiduara chake kimoja, maana siku ile karatasi ilikuwa na kiti kimoja tu, akairudisha kwenye bahasha. Sisi wawili tukageuza nyuso tukitazama barabarani mpaka alipomaliza. Kurudi ndani, mzee akaniambia alimfahamu marehemu Hortman, kwamba hakumpigia kura hata mara moja, na kwamba alienda kutoa rambirambi. Hatukuongea siasa tena.

Kuna jambo lililonitia wasiwasi, nalo nitalisema. Minnesota unaweza kujiandikisha siku ile ile ya uchaguzi, sheria iliyoanza kutumika miaka ya 1970, na kama huna karatasi ya kuthibitisha unapoishi, jirani aliyesajiliwa kituo hicho anaweza kukudhamini kwa kiapo. Anaweza kudhamini mpaka watu wanane. Mama mmoja wa Kiliberia alimleta mpwa wake aliyehamia kwake wiki mbili zilizopita. Kijana ni raia, ila kitambulisho chake kilikuwa na anwani ya zamani. Mama akasaini, jina lake likaandikwa, akaonywa kwamba kiapo cha uongo ni kosa la jinai. Mimi niliyekua nikisikia habari za wapiga kura hewa, moyo ulidunda. Nimelifikiria sana tangu siku ile, na leo naona afadhali jirani anayejulikana jina na nyumba kuliko mashine ya vidole inayomkataa mvuvi kwa sababu vidole vyake vimeliwa na chumvi na kamba. Hao nimewaona nyumbani, wazee wa watu, wakifuta vidole kwenye shuka mara tatu, mara nne, foleni nzima ikiwatazama.

Usiku saa mbili tulifunga mlango. Mashine ikatoa ukanda wa matokeo, tukausaini. Kisha ikaja kazi ya kulinganisha: idadi ya kura zilizomo kwenye mashine na idadi ya risiti za wapiga kura. Zikapishana kwa moja. Risiti moja imepungua. Hakuna aliyesema "ni moja tu, tuiache". Tukahesabu tena, mzee akihesabu nilizohesabu mimi, mimi nikihesabu alizohesabu yeye. Ilipatikana imenasa kwenye pindo la boksi. Nusu saa nzima kwa kijikaratasi kimoja, na nilipotoka nje nilihisi nimefanya kazi ya maana kuliko kazi yangu ya kila siku.

Lakini kura hupotea huku pia. Novemba 2024, kule Shakopee, Brad Tabke wa DFL alimshinda mpinzani wake kwa kura 14, na kura 20 zilizopigwa mapema hazikuhesabiwa kabisa. Kaunti ilichunguza ikaona inaelekea zilitupwa zikiwa bado ndani ya bahasha zake. Ishirini, wakati tofauti ni 14! Baraza zima lilikuwa 67 kwa 67, kwa hiyo kiti kile kimoja kilikuwa kinashika mizani ya jimbo. Kesi ikaenda mahakamani. Baadhi ya wenye kura zile walitafutwa, sita wakatoa ushahidi kwamba walimpigia Tabke, na Januari 2025 jaji akaamua ushindi unasimama. Hapo hesabu hata mtoto anaifanya: sita kati ya ishirini zikiwa zake, zilizobaki ni 14, na hata zote zikienda kwa mpinzani hazimfikii. Uzembe ule uliniudhi. Kilichonituliza ni kwamba kosa lilijulikana kwa idadi kamili na kituo chake, likajadiliwa mchana kweupe.

Tena kuna mambo ambayo sisi tuna sheria bora. Mipaka ya maeneo ya uwakilishi Marekani, katika majimbo mengi, huchorwa na wabunge wenyewe, yaani mgombea anajichagulia wapiga kura. Minnesota wabunge walishindwa kuelewana, ikabidi jopo la majaji lichore ramani mwaka 2022. Na Katibu wa Jimbo mwenyewe anachaguliwa kwa tiketi ya chama. Katiba yetu ya 2010 iliyakataa hayo yote mawili, na mimi nisingependa turudi nyuma.

Ninachoomba ni kidogo na kinawezekana kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2027. Wadi zetu ni 1,450. Wadi moja kwa wastani haina watu wengi kuliko eneo langu la 34B, lenye watu elfu 42 hivi. Hakuna sababu uchaguzi mdogo wa wadi, au wa eneo bunge, ungoje makamishna wa Nairobi. Bunge lipitishe kwamba kiti kikiwa wazi, tarehe inaanza kuhesabika yenyewe kisheria, na maafisa wa IEBC wa kaunti wana mamlaka ya kuandaa, kuna makamishna au hakuna. Kama Katiba inazuia, basi na irekebishwe kwa hilo. Na makarani wa kituo tuache kuwalazimisha kujifanya hawana upande. Waseme vyama vyao, wapangwe wawili wawili, kila karatasi ipite mikono miwili isiyopendana. Najua kuna atakayesema vijana wetu watapigana kituoni. Mawakala wa vyama mbona wanakaa chumba kimoja tangu alfajiri mpaka usiku wa manane, wakigawana maji na mahamri?

Tarehe 27 Novemba mamangu alinitumia picha ya kidole chake chenye wino. Nilimpigia usiku wa kwao. Alikuwa bado hajalala, alikuwa amerudi kutoka shuleni, alikokaa nje ukutani na wanawake wenzake wakisikiliza hesabu. Huku hakuna anayesikia kura ikihesabiwa. Mashine inameza, ukanda unatoka. Kule karatasi iliinuliwa mbele ya mawakala, jina likatajwa kwa sauti, nyingine ikainuliwa. Fomu ilipobandikwa mlangoni, kijana wa jirani akawasomea kwa tochi ya simu.

"Na zimetimia, mama?"

"Zimetimia. Nilikuwa nahesabu na mimi, kwa mbegu za ukwaju."