"Damu nzito" ni jina baya

Mtu akilalamika miguu inamuuma, mitaani Unguja hakosi wa kumwambia: "Hiyo damu nzito." Zitafuata thomu, habasoda, chuku, na aspirini moja kila asubuhi. Thomu na habasoda sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na aspirini, na hilo jina lenyewe.

Damu ya mgonjwa ikiganda, si kwa kuwa imekuwa uji. Mara nyingi huganda kwa sababu seli zimepewa amri. Chukua nimonia. Ndani ya monosaiti, aina ya seli nyeupe, mna protini iitwayo NF-kB, imeshikwa nje ya kiini na mwenzake, IkB. Seli ikihisi bakteria, IkB huvunjwa, NF-kB huingia kwenye kiini na kuwasha jeni kwa mkupuo. Moja ni ya tishu fakta, protini inayoanzisha mgando. Baada ya saa chache, seli iliyokuwa ikipita kimya imeshaivaa juu yake. Ukuta wa mshipa nao hupunguza thrombomodulini, ambayo ni breki, na kuzidisha PAI-1, inayozuia donge lisiyeyuke. Ini likipata ujumbe wa IL-6, protini ambayo seli hutuma kuashiria hatari, huongeza fibrinojeni, protini ambayo ndiyo hufumwa kuwa donge. Thrombini, kimeng'enya cha kugandisha damu kinachozaliwa hapo, hurudi kuzichochea seli zile zile, na mchochota (mwitiko wa mwili kwa maambukizi) unapanda tena.

Ndiyo maana kipimo cha D-dima, vipande vinavyobaki donge la damu likiyeyuka, hupanda kwa nimonia, mimba, selimundu, hata baada ya kupasuliwa. Kikiwa cha kawaida na dalili ni chache, kinaondoa shaka. Kikiwa juu peke yake, hakijathibitisha donge.

Sasa aspirini. Haizimi tishu fakta. Inaziba kimeng'enya cha chembe sahani, vile vijichembe vya damu vinavyoziba jeraha, navyo havina kiini, hivyo havina jeni za kutengenezea kingine. Chembe iliyozibwa hubaki hivyo maisha yake yote, siku 7 hadi 10. Kazi ya kidonge cha Ijumaa bado imo Jumatano. Homa ikiwa ni ya dengi, chembe zenyewe zinapungua, na hapo umemfungulia mgonjwa njia ya kutoka damu. Homa isiyojulikana chanzo, dawa yake ni parasetamoli, mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Aliyeandikiwa aspirini na daktari baada ya kiharusi au mshtuko wa moyo asiiache kwa kusoma haya.

Kwa miguu inayouma, cha kuogopa ni donge ndani ya mshipa, basi tafuta futi ya fundi cherahani. Shuka sentimita 10 chini ya kile kifundo cha mfupa kilicho chini ya goti, upime mzunguko wa miguu yote miwili. Mmoja ukizidi kwa zaidi ya sentimita 3, au pumzi ikikata ghafla, hospitali siku hiyo hiyo, chuku isubiri.