Sikuzimia kwa shibe

Jamani, mliokwisha kusikiliza ile sauti ya Mashaka kwenye grupu: si kweli kwamba nilizimia kwa shibe. Niligongwa. Tena aliyenigonga ni yeye.

Alhamisi ya Shukrani, hapa Texas. Tumealikwa kwa mzee mmoja aliyewahi kufundisha futiboli ya Kimarekani. Dallas, timu ya huku, wanacheza, kama kila mwaka siku hiyo. Mimi wiki 3 nimekesha na video za jinsi mstari wa mbele unavyomfungulia njia mbeba mpira, najiona profesa. Kila nikiona wawili wanamsukuma mmoja, napaza sauti: "Duo!", jina la mbinu mojawapo ya kukimbia na mpira.

Mara ya tatu mzee akazima sauti ya runinga. "Kijana, hiyo ni zoni ya ndani."

Kumbe hata kwenye zoni wanasukuma wawili wawili, ila wote wanapiga hatua kuelekea upande mmoja, na mbeba mpira anamsoma adui wa mstari wa mbele. Kwenye duo wanasukuma kwenda mbele tu, na anayesomwa ni lainibeka wa kati, yule mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wao wa mbele. Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa na heshima zangu.

"Lakini mbinu za pawa na kaunta nazijua, mzee!" Ulimi huu.

Mzee akasogeza makochi. Mimi gadi, Mashaka tako (ndivyo wanavyotamka, msinicheke, nimelisema mbele ya bibi wa watu), wote wasukumaji wa mstari wa mbele. Kijana wao kabeba kiazi kitamu, ndio mpira. Mjukuu wa miaka 6 ni adui wa pembeni. "Kaunta!"

Sasa, kwenye zote mbili gadi anachomoka, anakimbia nyuma ya wenzake kwenda upande wa pili. Pawa, anapenya kwenye upenyo akamtafute lainibeka. Yule wa pembeni ana mtu wake mwingine wa kumgonga. Kaunta, gadi mwenyewe ndiye amgonge wa pembeni, anayemfuata, hapa tako, ndiye apenye.

Nilichomoka vizuri, naapa. Nikapita nyuma ya kochi, nimeinama kama wa kwenye video. Mtoto kanikodolea macho, kajikaza, anasubiri nimguse. Nikampita. Nikaingia kati ya kochi na meza, nikasimama, natafuta lainibeka. Lainibeka ni bibi, kashika bakuli la mchuzi. Tukatazamana. Bibi akamtazama mtoto, akanitazama tena, kwa huruma. Hapo ndipo nikakumbuka. Na hapo hapo nikasikia mbao za sakafu zinalia nyuma yangu: kilo 112 za Mashaka, kichwa chini, anakuja kupenya palepale, sawasawa na alivyoelekezwa.

Nilitua kwa uso kwenye pai ya maboga. Ilikuwa bado ya uvuguvugu. Kule nyuma mjukuu kashamwangusha mwenye kiazi, anashangilia.

Tukafuta, tukaomba radhi, tukaondoka. Bibi kanifungia pai iliyobaki. Alama ya pua yangu bado ipo.