Si kila gemu inazoesha kupata bila jasho
Nimesoma makala inayodai kwamba gemu zote huwazoesha watoto kupata bila jasho. Hilo si kweli kwa Minecraft, gemu ya kuchimba na kujenga. Humo almasi haichimbwi kwa sululu ya mbao wala ya jiwe. Ukiipiga nayo mwamba unavunjika na hupati kitu. Sharti uanze na gogo, upasue mbao, utoe vijiti, uunde sululu ya mbao (mbao 3 juu, vijiti 2 chini yake katikati), kisha ya jiwe, uyeyushe chuma kwenye tanuri linaloundwa kwa mawe 8, uunde sululu ya chuma, ndipo uiguse almasi. Hatari ninayoiona mimi ni ujuzi wa kukariri. Kwa miaka mingi wachezaji walichimba usawa wa 11 (kimo kinachohesabiwa kutoka sakafu ya dunia ya gemu, ambayo wakati huo ilikuwa 0) kwa mazoea tu. Toleo la 1.18 la mwaka 2021 likashusha sakafu ya dunia ile kutoka 0 hadi -64, almasi zikawa nyingi zaidi karibu na -59, na aliyekariri akawa anaambulia chache palepale alipozoea. Anayechunguza huhesabu alichopata kila usawa, kisha hushuka. Wazazi wenzangu, wanenu hujaribu kwanza au hukimbilia video ya maelekezo kabla hawajakata gogo la kwanza?