Salem 1692: chuki za majirani, hofu ya vita, au mahakama?

Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa Salem, Massachusetts, koloni la Waingereza huko Amerika, kwa kosa la uchawi. Mzee Giles Corey, aliyekataa kukubali kesi yake isikilizwe, alirundikiwa mawe kifuani mpaka akafa. Wengi humalizia hapo: Wapuritani, yaani Waprotestanti wa Kiingereza walioishi huko, walikuwa washika dini wakali mno. Haitoshi. Imani yao juu ya shetani haikubadilika kwa miaka mingi, ila mauaji mengi namna hiyo yalitokea mwaka huo tu.

Wapo wanaoanzia kwenye ugomvi wa kijiji, na hoja yao ina uzito. Mchungaji Samuel Parris, ambaye nyumbani kwake ndiko wasichana wa kwanza walikopatwa na vifafa visivyoeleweka, alikuwa akivutana na waumini juu ya mshahara na kuni. Familia ya Putnam ilimuunga mkono, na ndiyo iliyoongoza kushtaki. Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, alizaliwa katika ukoo uliogombania mipaka ya ardhi na kina Putnam. Lakini mji wa Andover ulikuwa na washtakiwa wengi kuliko kijiji cha Salem chenyewe. Watu wa Andover wana habari gani na kuni za Parris?

Wengine wanatazama kaskazini, Maine, ambako wakoloni walikuwa wakipigana na Wafaransa na Wawabanaki, wenyeji wa nchi ile. Mercy Lewis, mmoja wa wasichana walioshtaki, aliachwa yatima huko. George Burroughs, mchungaji aliyenyongwa, alikamatwa huko huko. Kwangu maelezo haya yana nguvu zaidi. Hata hivyo vita viliendelea hadi 1697, na watu wa mwisho walinyongwa Septemba 1692.

Ndiyo maana lawama yangu kubwa iko kwa mahakimu. Hakimu mkuu, William Stoughton, alikubali ushahidi wa mzuka: msichana akisema umbo la fulani limemjia usiku likamkaba, fulani hana la kujitetea, hata kama alikuwa amelala kwake. Waliokiri waliachwa hai wataje wenzao. Walioshikilia ukweli wao walinyongwa. Jopo la raia waliosikiliza kesi ya Rebecca Nurse lilisema hana hatia. Wasichana wakapiga mayowe, na Stoughton akawaelekeza wanajopo kwenye neno moja ambalo Rebecca alilitamka mahakamani. Walipomuuliza maana yake, bibi yule, mzito wa kusikia, hakujibu. Wakageuza uamuzi, akanyongwa tarehe 19 Julai.

Januari 1693 mahakama mpya iliukataa ushahidi wa mzuka, na karibu washtakiwa wote wakaachiwa. Majirani walikuwa wale wale, na vita vile vile. Mwaka 1697 Samuel Sewall, mmoja wa mahakimu wa Salem, alisimama kanisani Boston huku tamko lake la kubeba lawama likisomwa mbele ya waumini. Stoughton hakuomba radhi mpaka anakufa.