Noti tano zinazoshuka: "Taurus" na "Stairway to Heaven"

Ukilishika gitaa, ukaanza na noti ya A kwenye besi na kushuka nusu toni moja moja mpaka F, huku vidole vikizidonoa nyuzi nyingine polepole, aliye karibu atakuuliza kama unajifunza "Stairway to Heaven". Wimbo huo wa Led Zeppelin ulitoka mwaka 1971. Miaka mitatu kabla yake, bendi ya Kimarekani iitwayo Spirit ilikuwa imetoa "Taurus", kipande kifupi cha ala tupu kilichotungwa na mpiga gitaa wao, Randy California, na ndani yake mna mshuko huohuo, katika ufunguo uleule wa A maina.

Wanaoitetea Spirit, wanaodai kwamba Led Zeppelin waliuiba mshuko huo, wana hoja zisizopuuzika. Bendi hizo mbili zilipanda jukwaa moja mjini Denver mnamo Desemba 1968, Led Zeppelin ilipofanya onyesho lake la kwanza Marekani. Wasimamizi wa mirathi ya Randy California walipofungua kesi mwaka 2014, Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin, alikubali kwamba albamu ya Spirit anayo, ingawa alikana kuufahamu wimbo wenyewe, na juri (raia walioteuliwa kuamua kesi) la Los Angeles mwaka 2016 liliridhika kwamba nafasi ya kuusikia aliipata. Tena bendi yake haikuja na mikono misafi: mwaka 1985 Willie Dixon, mtunzi wa nyimbo za blues, aliishtaki kwa ajili ya wimbo wao "Whole Lotta Love", wakamalizana nje ya mahakama, na leo jina la Dixon limo miongoni mwa watunzi wa wimbo huo. Mchovya asali hachovyi mara moja, na nadhani wengi walikwisha kuhukumu kwa methali hiyo kabla ya kusikiliza.

Lakini ukisikiliza, mambo hayawi mepesi. Mshuko wa nusu toni ni mali ya kila mtu. Watunzi wa Ulaya waliutumia katika nyimbo za maombolezo tangu karne ya 17, na upande wa utetezi haukupata shida kuuonyesha hata katika "Chim Chim Cher-ee", wimbo wa filamu ya mwaka 1964. Zaidi ya hayo, katika "Stairway" besi inaposhuka, uzi mwembamba unapanda, A, B, C, na ni kule kuachana kwa sauti mbili ndiko kunakomnasa msikilizaji. Katika "Taurus" sikio langu halikuti mpando ulio wazi namna hiyo. Juri nalo liliamua kwamba nyimbo hizo hazifanani kiasi cha kuvunja sheria.

Kinachonitatiza ni namna lilivyofikia uamuzi huo. Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909, ambayo ndiyo iliyozihusu nyimbo za wakati ule, kilicholindwa ni noti zilizoandikwa na kuwasilishwa kwenye ofisi ya hakimiliki, yaani karatasi moja tu, si santuri. Kwa hiyo rekodi ya "Taurus" ilipopigwa ili Page aisikie, wanajuri walitolewa nje, wakarudishwa kumsikiliza akihojiwa juu ya sauti ambayo wao hawakuisikia. Mwaka 2018 majaji watatu wa rufaa waliagiza kesi isikilizwe upya. Mwaka 2020 jopo kubwa la mahakama hiyohiyo likaurudisha uamuzi wa juri, na Mahakama ya Juu ikakataa kuligusa suala hilo.

Kisheria naona walikuwa sahihi. Hata hivyo, kinachofanya nyimbo hizi zisikike kama ndugu ni mwendo wa taratibu, udonoaji wa nyuzi na rangi ya sauti ya gitaa, mambo ambayo karatasi ile haikuyabeba, kwa hiyo anayesema "lakini mimi nasikia" naye hasemi uongo.

Randy California alikufa maji Hawaii mwaka 1997 bila kumshtaki mtu, ingawa alikuwa amelalamika waziwazi kwamba Led Zeppelin walipata mamilioni na hawakumpa hata asante. Wasimamizi wa mirathi yake waliomba jina lake liongezwe kwa watunzi wa "Stairway". Mpaka leo yameandikwa mawili: Page na Plant, mwimbaji wa Led Zeppelin.